Uzi: Siku moja Berlin ukiifuata historia yetu, kuanzia mjusi wa Tendaguru hadi Maji-Maji-Allee

Mwana wa Lukuledi (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kila Mtanzania anayepita Berlin hutuletea picha akiwa mbele ya lango la Brandenburg, kisha anakwenda zake. Lango lenyewe ni zuri, sina ugomvi nalo. Ila mtu wa kwetu akifika mji ule na kuondoka bila kumwona mjusi wa Tendaguru (yule dinosaria aliyefukuliwa Tendaguru, mkoani Lindi), bila kukanyaga Maji-Maji-Allee, barabara yenye jina la vita vyetu, na bila kuinama kusoma jina la mzaliwa wa Dar es Salaam lililochongwa kwenye kibamba cha shaba kando ya barabara, ni sawa na kupita mlangoni kwa ndugu bila kubisha hodi.

Nilipopata siku moja tupu katikati ya safari ya kikazi, niliitumia yote kwa swali moja: katika mji huu, sisi tupo wapi? Tupo sehemu nyingi kuliko nilivyodhani, na kipande kikubwa cha njia hiyo unaweza kukipita kwa miguu. Naiweka hapa ili anayekwenda asianze kubahatisha. Uzi ni mrefu, vuta kiti.

Asubuhi: mjusi wetu

Anza na Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe, mtaa wa Invalidenstraße. Treni ya chini ya ardhi U6 ina kituo kinachoitwa Naturkundemuseum, na kutoka hapo ni mwendo wa dakika chache. Jumanne hadi Ijumaa wanafungua saa 3:30 asubuhi, Jumamosi na Jumapili saa 4:00. Jumatatu hawafungui kabisa. Uwe mlangoni mapema, maana baadaye makundi ya wanafunzi huanza kumiminika na utulivu unakwisha.

Kumtafuta huna haja. Ukipita mlangoni, ukumbi mkubwa wa kwanza ndio wake. Amesimama katikati chini ya dari la vioo, shingo imenyooka kwenda juu hadi unalazimika kurudi nyuma hatua kadhaa ili uone kichwa. Kitaalamu anaitwa Giraffatitan brancai. Kimo chake ni mita 13.27, na hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa popote duniani inayomfikia kwa urefu wa kwenda juu. Aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, katika ardhi ambayo leo ni mkoa wa Lindi.

Usiishie kumtazama kwa mbali. Nenda hadi kwenye kamba, simama pembeni ya mguu wa mbele. Mfupa wa juu wa mguu ule peke yake una urefu wa mita 2.13, yaani mtu mrefu akisimama kando yake bado mfupa unampita. Rangi yake ni ya kahawia iliyofifia, na ukisogeza macho unaona mistari ya nyufa pale mafundi walipounganisha vipande. Mifupa mingi ni yenyewe kabisa iliyotoka kwetu. Pingili za shingo na mgongo wameweka mifano, kwa kuwa zile halisi ni nzito mno na zinavunjika kirahisi.

Halafu zunguka ukumbi. Kentrosaurus, yule mwenye miiba mgongoni na mkiani, ametoka Tendaguru. Dicraeosaurus, Tendaguru. Elaphrosaurus, Tendaguru. Nilikuwa nasoma kibao kimoja baada ya kingine na jina la Lindi linajirudia, wazungu wamesimama kimya wanasoma jina la kwetu. Kifua kilijaa, wakuu.

Sasa hapa ndipo naomba tusiharakishe, kwa sababu vibao vinaeleza mambo mengi kuhusu wanyama, lakini ukienda bila kuijua historia ya watu utatoka na nusu ya hadithi.

Mifupa ile ilijulikana kwa Wajerumani mwaka 1906 kupitia mhandisi wa madini Bernhard Wilhelm Sattler. Angalia mwaka huo vizuri. Vita vya Maji Maji vilianza 1905 na kuzimwa 1907, na kusini yote ilikuwa imeungua. Jeshi la Kijerumani lilichoma vijiji na mashamba na ghala za chakula, njaa ikamaliza watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa hufika hadi 300,000. Kwenye ardhi hiyohiyo, miaka miwili tu baadaye, yaani 1909, msafara mkubwa wa kisayansi kutoka Berlin ukaanza kuchimba chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Ukaendelea hadi 1913.

Waliochimba ni watu wa kwetu, mamia yao. Waliobeba ni watu wa kwetu pia. Hapakuwa na reli wala barabara ya magari. Mifupa ilifungwa, ikawekwa vichwani na mabegani, ikatembezwa takriban siku nne hadi bandari ya Lindi, safari baada ya safari. Jumla yake ni kama tani 230. Hebu zigawe hizo tani kwa mzigo mmoja wa mtu mmoja, ndipo utaelewa ukumbi ule umesimama juu ya shingo za akina nani.

Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Likariri jina hilo. Huyu ndiye aliyekuwa fundi wao mkuu, mjuzi wa kuutoa mfupa ardhini bila kuuvunja. Mwaka 2007 wataalamu walimpa dinosaria mmoja wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mwaka 2019 akafuata mwingine, Wamweracaudia keranjei, jina linalobeba kabila la Wamwera pamoja na Mohammadi Keranje aliyesimamia uchimbaji pale alipopatikana. Ni zaidi ya miaka mia moja baadaye, lakini limefanyika, na sasa kila mwanasayansi duniani akimwandika mnyama huyo lazima aandike Wamwera.

Tenga saa mbili kwa makumbusho haya. Kuna pia Archaeopteryx, kile kiumbe chenye manyoya na meno kilichowasaidia wataalamu kuunganisha dinosaria na ndege, bamba la jiwe lenye alama zake halisi. Dogo, lakini lisikupite.

Naendelea chini.

---

Fundi Saa

Mkuu endelea, nimeshavua viatu. Miaka yote nasikia habari ya mjusi bungeni, sikuwahi kusikia jina la Boheti hata mara moja.

---

Mwana wa Lukuledi

Kabla ya mchana: ukuta, na jina chini ya miguu

Ukitoka kwa mjusi, fuata Invalidenstraße kuelekea mashariki hadi Nordbahnhof. Pale panaanza mtaa wa Bernauer Straße, na kumbukumbu ya Ukuta wa Berlin iliyo wazi kila siku, bila kiingilio. Ukuta ulianza kujengwa tarehe 13 Agosti 1961 na kufunguka 9 Novemba 1989. Katika mtaa huu nyumba zilikuwa upande wa mashariki, lakini njia ya miguu ya mbele ilikuwa magharibi, kwa hiyo watu waliruka madirishani kutafuta uhuru, na wengine walikufa papo hapo. Mwaka 1964 watu 57 walitoroka kwa handaki lililochimbwa chini ya mtaa huu. Nilipita taratibu, nikasoma, nikaendelea. Kama una muda ni mahali pa kukaa zaidi, ila mimi nilikuwa nakwenda Brunnenstraße.

Brunnenstraße inakatiza Bernauer Straße. Shika kulia kuelekea Rosenthaler Platz, tafuta namba 193. Usitazame ukutani. Tazama chini, kwenye mawe ya njia ya miguu. Utaona kijiwe cha mraba, sentimita 10 kwa 10, kimevikwa shaba, kimeandikwa kwamba hapa aliishi Mohamed Husen.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, jina lake la kuzaliwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Kijerumani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika kwetu naye akaingizwa jeshini, akiwa mtoto wa miaka kumi. Mwaka 1929 alifika Berlin na kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Dai lilikataliwa. Akabaki. Akafanya kazi ya uhudumu mezani, akaigiza kwenye filamu nyingi, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Akaoa Mjerumani. Mwaka 1941 utawala wa Nazi ukamkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mweupe, wakampeleka kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Jiwe lake liliwekwa 2007. Mawe haya yalianzishwa na msanii Gunter Demnig, na sasa yamepita 100,000 barani Ulaya, kila moja mbele ya nyumba ya mtu aliyeteswa na utawala ule. Watu wanapita juu yake wakienda kazini. Shaba hupoteza mng'ao kwa vumbi na mvua, na wapo wakazi wanaoyasugua mawe ya mtaa wao ili maandishi yasomeke. Nilitoa kitambaa mfukoni nikalifuta la Husen hadi herufi zikang'aa. Mama mmoja mzee aliyekuwa na mbwa alisimama, akalitazama jiwe, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kwa heshima, akaendelea na safari yake. Nikasoma Fatiha pale pale barabarani.

Mimi naamini jiwe hili ndilo jambo kubwa kuliko yote niliyoyaona siku ile, kubwa kuliko mjusi. Mjusi utamwona hata kwenye picha ukamfahamu. Jiwe hili lazima uwe umesimama pale, uone jinsi lilivyo dogo na jinsi mlango wa nyumba ulivyo karibu.

---

Mama Wawili

Dah. Kaka asante sana kwa hili la Husen. Niliishi Ujerumani kwa masomo na sikuwahi kuambiwa. Swali: nikiwa na watoto wadogo naweza kuifanya njia yote hii?

---

Mwana wa Lukuledi

Dada, yote hapana. Chukua mjusi asubuhi, jiwe la Husen, halafu wape watoto mapumziko kwenye bustani. Pale kwa mjusi watoto hawachoki, wanakimbia kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Kwa Wilhelmstraße ninakokwenda sasa hakuna cha kuwashika watoto.

Mchana: kisiwa cha makumbusho

Kutoka Rosenthaler Platz ukishuka kusini kwa miguu unafika Museumsinsel, kisiwa chenye makumbusho matano kilichoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1999. Watu wengi wanaharibu siku yao hapa kwa kutaka kuingia kote. Haiwezekani. Baada ya jengo la pili macho yanatazama lakini hayaoni tena, unabaki kuburuta miguu. Chagua moja.

Na kama ulikuwa unaliwazia Pergamon, lile lenye lango la Ishtar kutoka Babeli, limefungwa lote tangu Oktoba 2023 kwa ukarabati. Sehemu moja imepangwa kufunguliwa 2027, nyingine itasubiri hadi karibu 2037.

Neues Museum ndipo alipo malkia Nefertiti. Sanamu ya kichwa chake ilifukuliwa Amarna, Misri, Desemba 1912, na timu ya Ludwig Borchardt, na Wamisri wameidai mara nyingi. Chumba chake picha haziruhusiwi. Ni kazi ya mikono inayostahili sifa zake zote, sina la kuongeza.

Mimi niliupa mchana wangu Humboldt Forum, jumba la kifalme lililojengwa upya ng'ambo ya pili ya barabara. Humo ndimo zilimo hazina za Afrika, Asia, Amerika na Pasifiki. Wao wanafunga Jumanne, siyo Jumatatu, zingatia hilo.

Nenda moja kwa moja kwenye shaba za Benin. Zile ni kazi za mafundi wa ufalme wa Benin, Nigeria ya leo, zilizoporwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897 na kusambazwa Ulaya. Sogea karibu na bamba moja uangalie shingo za watu waliochorwa: mikufu ya shanga imepangwa tabaka juu ya tabaka hadi kidevuni, na fundi ameonyesha kila tabaka peke yake. Mwaka 2022 Ujerumani ilikabidhi Nigeria umiliki wa mkusanyiko huo. Baadhi ya vitu vikarudi nyumbani, vingine vimebaki Berlin kwa mkopo, mkopaji akiwa Berlin na mwenye mali akiwa Nigeria. Kaeni na jambo hilo kichwani, tutalirudia kwenye mjadala wa mjusi.

Alasiri: Wilhelmstraße

Panda U5 kutoka kituo cha Museumsinsel, shuka Brandenburger Tor. Lango umelifikia, piga picha yako. Lilikamilika 1791, na Napoleon aliwahi kuondoka na gari la farasi lililo juu yake mwaka 1806, likarudishwa 1814. Ndiyo, Wajerumani nao wanajua uchungu wa kuporwa kitu cha fahari, na wanajua raha ya kurudishiwa.

Kusini ya lango kuna kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa Ulaya, vitalu 2,711 vya zege, kazi ya Peter Eisenman, ilifunguliwa 2005. Tembea katikati yake. Kingo za nje ni fupi, lakini ardhi inashuka na vitalu vinakupanda juu ya kichwa hadi sauti za barabara zinapotea. Usikae juu yake wala usipige picha za mbwembwe.

Kisha ingia Wilhelmstraße, tafuta karibu na namba 92. Kuna ubao wa kumbukumbu unaoweza kuupita usiuone. Hapo ndipo lilipokuwa jumba la Bismarck, na ndani yake, kuanzia 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, wajumbe wa mataifa 14 walikaa kupanga masharti ya kuigawana Afrika. Mwafrika hata mmoja hakuwemo. Jumba halipo tena, vita vililimaliza, leo ni nyumba za kuishi watu wa kawaida.

Tuliambiwa shuleni kwamba mipaka yetu ilichorwa mezani pale. Kwa kweli mkutano uliweka kanuni, na mipaka ya kwetu ilikuja kwa mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 na 1890. Lakini tazama hili: mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari, na tarehe 27 Februari, siku iliyofuata, mkoloni wa Kijerumani Carl Peters akapewa hati ya ulinzi ya Kaisari juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami, kwa zile karatasi alizowawekesha machifu sahihi mwishoni mwa 1884. Siku moja tu. Nilisimama pale nikitazama watu wanaingia nyumbani na mifuko ya manunuzi, nikawaza watu wa Usagara usiku ule walilala wakiwa hawajui kuwa wamekwisha kupewa mtu.

Jioni: Maji-Maji-Allee

Peters huyohuyo alikuwa na barabara yake hapa. Mwaka 1939 utawala wa Nazi uliiita Petersallee kwa heshima yake, katika eneo la Wedding linalojulikana kama Mtaa wa Kiafrika, ambako utakuta Sansibarstraße, Tangastraße, Ugandastraße, Togostraße na nyingine. Mwaka 1986 manispaa ilisema kuanzia sasa jina linamhusu Peters mwingine, Hans Peters, aliyewapinga Wanazi, huku kibao kikibaki kilekile. Waafrika wa Berlin na wenzao Wajerumani walikataa, wakadai miaka mingi.

Panda U6, shuka kituo cha Rehberge au Afrikanische Straße. Kutoka barabara kuu ya Müllerstraße unaingia Anna-Mungunda-Allee, jina la mwanamke wa Namibia aliyeuawa kwa kupinga ubaguzi Windhoek mwaka 1959. Unapita uwanja wa Manga Bell, mfalme wa Waduala wa Kamerun aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1914. Ukivuka uwanja, kibao kinachofuata kimeandikwa Maji-Maji-Allee. Majina haya mawili ya barabara yalizinduliwa tarehe 23 Agosti 2024.

Ni mtaa wa makazi, miti, baiskeli, watoto wanacheza. Kila barua inayokwenda kwa mkazi wa pale inaandikwa Maji Maji. Aliyeamuru watu wetu wapigwe hadi akaitwa Mkono wa Damu amevuliwa barabara, na imevishwa jina la waliosimama dhidi ya utawala alioufungulia mlango. Mimi ni mzaliwa wa kusini. Babu zangu wamo katika habari hii. Nilisoma kile kibao kwa sauti.

---

Kibo Kaskazini

Mkuu umeandika kwa moyo. Niongeze upande wa kwetu Kilimanjaro. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani mwezi Machi 1900, na familia yake bado inatafuta kichwa chake, inaaminika kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilivyofanywa Berlin kwenye mafuvu yaliyotoka Afrika Mashariki viliwapata ndugu walio hai Tanzania. Kwa hiyo atakayetembea kwenye makumbusho ya mji ule ajue kuna vyumba havionyeshwi kwa wageni, na humo wamo watu wetu, siyo vitu.

---

Mwana wa Lukuledi

Umenena mkuu. Na Songea hivyohivyo, Nduna Songea Mbano alinyongwa 1906 na fuvu lake linatafutwa hadi leo. Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alipokwenda Songea Novemba 2023 aliomba msamaha mbele ya familia na kuahidi kusaidia kulitafuta. Mimi naweka mabaki ya watu mbele ya kila kitu. Hapo hakuna mjadala wa nani atatunza vizuri zaidi. Mtu anazikwa kwao.

---

Mpita Njia

Sasa mjusi je? Arudi. Wanaingiza pesa za viingilio kila siku, Lindi hata senti haifiki. Hili limeulizwa bungeni zaidi ya mara moja na majibu ni yaleyale.

---

Fundi Saa

Mpita Njia, tuseme ukweli. Akirudi leo tutamsimamisha wapi? Mifupa inataka ukumbi wa kimo kile, hewa inayodhibitiwa, mafundi, pesa za kila mwezi. Bora akae huko dunia imwone.

---

Mwana wa Lukuledi

Fundi Saa, hoja ya ukumbi ni ya kweli, lakini haimalizi kesi. Wewe ukinihifadhia gari kwa sababu sina gereji, gari halijawa lako.

Ndiyo maana niliwaambia mkae na habari ya shaba za Benin. Hatua ya kwanza pale ilikuwa umiliki kubadilika, kisha ndipo wakakaa kuzungumza kipi kinarudi sasa na kipi kinabaki kwa mkopo. Mpangilio huo unamfaa mjusi wetu. Tani 230 zile siyo mifupa ya mnyama mmoja aliyesimama ukumbini tu. Nyingi zimo ghalani, na kuna mizigo iliyofungwa kwa mianzi kule Tendaguru ambayo ilikaa miaka mingi bila kufunguliwa. Lindi ingejengewa makumbusho, ikapata sehemu ya mifupa halisi, ikapata mfano kamili wa Giraffatitan, na vijana wetu wakasomeshwa kazi ya Boheti, huku Berlin ikilipa kwa kumtumia yule mkubwa, watu wa Mipingo, kijiji cha karibu na Tendaguru, wangeanza kunufaika bila kumvunja mnyama mguu.

Akirudi mzima siku moja, nitakuwa wa kwanza bandarini. Lakini sitaki tuendelee kubishana arudi au asirudi huku mtoto wa shule Lindi hana pa kwenda kumwona hata wa kuigizwa.

---

Mpita Njia

Hapo tumeelewana. Umiliki kwanza.

---

Mama Wawili

Na majina ya waliobeba yaandikwe ukutani, Berlin na Lindi kote. Wanahistoria wayatafute kwenye kumbukumbu za msafara ule.

---

Fundi Saa

Nakubali kwa hilo la umiliki, sikuliwaza hivyo. Tuje kwenye mambo ya njiani: usafiri ukoje, na kuna kitu cha bure zaidi ya ukuta? Nina safari ya Desemba.

---

Mwana wa Lukuledi

Usafiri: nunua tiketi ya saa 24 ya kanda AB, inakupa treni na mabasi yote ya katikati ya mji. Vituo vya treni havina vizuizi vya kuingilia, lakini tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye mashine ndogo kabla ya kupanda. Wakaguzi wapo na faini ni euro 60, hawasikilizi kwamba wewe ni mgeni.

Vya bure ni vingi: kumbukumbu ya Wayahudi, Bernauer Straße, jiwe la Husen, mtaa wote wa Wedding, na kuba la vioo la bunge la Reichstag, ambalo linataka ujiandikishe mapema mtandaoni na kwenda na pasipoti. Ile Jumapili ya kwanza ya mwezi ambayo makumbusho yalikuwa bure ilifutwa mwishoni mwa 2024, msije mkaifuata kwenye maandishi ya zamani.

Vibao vingi vimeandikwa Kijerumani na Kiingereza. Begi kubwa utaliacha kwenye makabati ya mlangoni.

Kwa Desemba, geuza njia yangu. Jua linazama kabla ya saa 10 jioni, na Maji-Maji-Allee gizani utaona kibao tu. Anzia huko Wedding asubuhi, kisha U6 hiyohiyo inakushusha moja kwa moja Naturkundemuseum. Jiwe la Husen lifuate ukitoka hapo, mwanga ukiwepo. Humboldt Forum na Wilhelmstraße ziweke mwisho. Epuka Jumatatu kwa sababu ya mjusi na Jumanne kwa sababu ya Humboldt. Na ubebe kitambaa cha kufutia shaba, theluji na chumvi ya barabarani huzifunika herufi.